Huna Shida ya Mdundo, Simu Ndiyo Inachelewa

Wasee, nipeni dakika mbili kabla hamjauza gitaa zenu.

Binamu yangu wa Karatina ana miaka 17 na anapiga mugithi poa sana. Desemba, kwa sherehe ya shosho, alicheza gitaa huku akiimba na wazee wote wakainuka kudansi. Na mnajua wazee wetu, mdundo ukiwa mbovu hawatoki kwa kiti. Lakini kwa simu mambo ni tofauti. Anarekodi gitaa kwanza, anaimba juu yake, halafu sauti inakaa nyuma. Akipost, watu wanamwambia hajui kushika taimu. Wiki jana akanitumia meseji: "Bro, unajua mtu ananunua gitaa?"

Nikapanda matatu. Tukafanya jaribio rahisi: programu icheze mdundo kwa hedfoni za waya, hedfoni zikae karibu na maiki, programu irekodi upya. Mdundo wa pili ulikaa nyuma ya ule wa kwanza kwa karibu milisekunde 200. Hapo hakuna mtu aliyeimba wala kupiga gitaa. Simu peke yake ndiyo ilichelewa.

Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kwa hivyo milisekunde 200 ni kama kuimba na mpiga gitaa aliyesimama mita 68 kutoka kwako. Hata wewe ungekosea.

Mbona inakuwa hivyo? Fikiria stage ya Nyeri. Matatu haitoki mpaka ijae. Ndani ya simu, sauti inageuzwa namba, na namba zinangoja kwenye bafa mpaka ijae ndiyo zisonge. Zinashuka, zinapanda bafa nyingine, kutoka kwa maiki hadi programu, halafu programu hadi hedfoni. Bafa ikiwa ndogo sauti inafika haraka, lakini simu ikilemewa inaanza kukwaruza. Mtengenezaji anayetaka kukaa salama anaweka bafa kubwa, wewe unangoja.

Najua kuna msee atasema, "Si ununue iPhone." Ni kweli, Apple hutengeneza simu na mfumo wake pamoja, na sauti huko inafika haraka tangu kitambo. Android inakaa kwa simu za kampuni nyingi, kila moja na vipuri vyake. Lakini simu ya binamu ilitoka kwa pesa ya kuchuma kahawa likizo. Kipaji chake hakifai kungoja bei ya iPhone.

Na suluhisho linajulikana. Kwa Android 6.0 ya 2015, Google iliweka kiwango cha simu za muziki: sauti iingie na kutoka ndani ya milisekunde 20. Mwaka wa 2017, Android 8.0 ikaleta AAudio, njia fupi zaidi ya sauti. Shida ni kwamba kampuni ya simu hailazimishwi kufikia kiwango hicho. Boksi inakuambia megapikseli, betri na GB, lakini ya sauti kimya.

Mimi nataka hiyo namba iandikwe kwa boksi. Ukienda dukani, uliza. Muuzaji asipojua, uliza na duka linalofuata. Kamera za simu zilikuwa nzuri kwa sababu tulikuwa tunaziulizia.

Kwa sasa, wacha Bluetooth ukirekodi, maana inaongeza kuchelewa. Tumia waya. Zima sauti yako isirudi kwa hedfoni, acha sikio moja wazi. Ukimaliza, vuta sauti uliyorekodi mbele kwa kiasi ulichopima kwa lile jaribio.

Binamu alivuta yake milisekunde 200 mbele. Wimbo ukakaa sawa. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe nilikuwa kwa taimu."

Gitaa haliuzwi tena.