Futi 26 Zinatosha

Mwaka jana nililetewa oda ya kulinganisha boti mbili ndogo za matanga, Contessa 26 na Contessa 32. Maneno 1,500, kesho yake asubuhi. Mwenye akaunti, ambaye mimi humwandikia kwa mgao, aliongeza sentensi moja: hakikisha msomaji anaondoka akitaka ile kubwa.

Niliandikia Rhonda, kwa laptopu ya kukodi, stima ikipotea mara mbili. Sijawahi kupanda boti maishani. Ziwa Nakuru liko karibu nasi, hata maji yalipopanda watu wa Mwariki walihama nyumba zao, lakini kwetu ziwa ni kitu kilicho nyuma ya ua wa mbuga. Kwa hivyo nilisoma usiku kucha, na nilichosoma kilinikasirisha.

Boti zote mbili ni za Kiingereza. Ndogo ina urefu wa karibu mita 7.8, kubwa mita 9.75. Tofauti ni kama urefu wa kitanda. Lakini hesabu ya boti haiendi kwa urefu peke yake, maana ukirefusha unapanua na kuongeza kina pia. Ndogo ina uzito wa tani 2.5 hivi, kubwa inapita tani 4. Urefu umeongezeka kwa robo hivi, uzito umekaribia maradufu. Tanga linakuwa kubwa, nanga nzito, kamba nene, na kila kitu kina bei yake.

Sitawadanganya, kubwa ina raha. Unasimama wima ndani, unabeba maji na chakula zaidi, na kwa kuwa ni ndefu majini inakimbia zaidi. Ndani ya ndogo mtu mrefu anainama, na bahari ikichafuka utalowa tu. Ila mtu mmoja anaimudu.

Mwaka 1985 Tania Aebi, msichana wa miaka 18 wa New York, alipewa chaguo na babake: masomo ya chuo au boti. Akachukua boti, Contessa 26 kwa jina Varuna. Alizunguka nayo dunia, karibu safari yote akiwa peke yake, akarudi 1987.

Na hiyo "kubwa" yenyewe? Mwaka 1979 dhoruba ilivamia mashindano ya Fastnet. Boti 303 zilianza, 85 zikamaliza, na washindani 15 wakafa. Katika daraja la boti ndogo kabisa ilimaliza moja tu, Contessa 32 iitwayo Assent. Yaani boti niliyoagizwa kuisifu kwa ukubwa ilikuwa miongoni mwa vidagaa siku ile.

Hapa ndipo ninapogombana na watu wetu. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa deni la karo. Hadi leo kila mjomba ananiambia rudi umalize kwanza, ndipo uanze maisha. Eti kwanza! Ukoo wetu ungeitisha harambee ya karo jioni hii hii, na pesa zingetoka. Lakini nilipoomba chama cha mama kinikopeshe pesa za laptopu ya mtumba, ili nifungue akaunti yenye jina langu, walicheka. Shangazi mmoja akauliza, "Sasa hiyo nayo ni kazi?" Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba.

Mtasema najitetea. Ni kweli najitetea. Mtasema pia Tania alikuwa na baba wa kumnunulia boti. Hilo ni kweli zaidi, na ndilo jambo lenyewe. Bila mtu wa kumpa hizo futi 26 asingefika popote. Vijana wengi wa Rhonda hawakukosa meli. Walikosa hicho chombo kidogo cha kuanzia, na walionyimwa hawakunyimwa kwa sababu pesa hazikuwepo. Zilikuwepo, zikisubiri jambo kubwa la kupigiwa picha.

Pwani wanalielewa hili kuliko sisi wa bara. Kuna mashua na kuna jahazi, na kila moja ina mzigo wake. Huwezi kumwambia mvuvi wa Lamu asivue hadi apate jahazi. Hata ile Flipflopi, mashua ya plastiki iliyookotwa ambayo fundi Ali Skanda na wenzake waliiunda Lamu, ilikuwa na urefu wa kama mita 10 tu. Ilishushwa majini 2018, mwaka uliofuata ikafika Zanzibar, na 2021 ikawa Ziwa Victoria. Wangengoja kwanza waunde kubwa, plastiki ingekuwa bado ufuoni.

Nilituma makala nikisifu ndogo. Ikarudishwa. Nikabadilisha aya ya mwisho, kwa sababu kodi ilikuwa tarehe tano na mwenye nyumba hasomi habari za boti. Sijivunii. Lakini hapa hakuna wa kunirudishia, kwa hivyo ile aya niliyoifuta naiweka kama ilivyokuwa:

Ukiwa na familia ya watu wanne na pesa za kuitunza, nunua ile kubwa, utafurahi. Ukiwa peke yako na pesa kidogo, usikae nchi kavu miaka kumi ukiweka akiba ya mita mbili. Chukua ndogo. Kagua mlingoti, kagua mkuku, badilisha kamba zilizochoka, ujifunze kuinama. Na wewe mzazi, mjomba au shangazi mwenye uwezo, mtoto akikuomba ndogo, usimwambie utamchangia siku atakapoomba kubwa.