Jina Lisitangulie Mwenye Jina

Mwaka 2009 wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania huko Marekani, akina Jennifer Loveland-Curtze na Jean Brenchley, walimtangaza bakteria mpya waliyemtoa katika barafu ya Greenland, mita 3,042 chini ya uso wake, ambako barafu yakadiriwa kuwa na umri wa miaka 120,000. Wakamwita Herminiimonas glaciei, yaani Herminiimonas wa barafu. Ni mdogo hata miongoni mwa wadogo, hupenya vichujio vinasavyo bakteria wengi, wala hakukubali kuamshwa kwa pupa: iliwabidi kumlea katika nyuzi 2 kwa miezi saba, kisha katika nyuzi 5 kwa miezi minne na nusu, ndipo makundi yake ya rangi ya hudhurungi na zambarau yakadhihiri.

Subira hiyo ndiyo ninayotaka kuitetea. Bakteria wengi wa baridi hufanana kwa sura, vijiti na vitone vitupu, kwa hiyo tangu enzi za Carl Woese nasaba yao hutafutwa katika jeni ya ribosomu iitwayo 16S, ambayo wote wanayo nayo hubadilika polepole mno. Ikiwa mfanano na jamaa wa karibu haufiki takriban asilimia 98.7, yamkini hiyo ni spishi nyingine, na ukizidi hapo neno halijakatika, bali DNA nzima hulinganishwa, na mpaka wake ni asilimia 95 hadi 96. Kisha kiumbe mwenyewe huhojiwa: hula nini, hustahimili chumvi kiasi gani, huota katika baridi ipi, na utando wake una mafuta ya namna gani hata ukabaki laini pale ambapo utando wa wengine hugandamana.

Tangu mwaka 2001 sharia ya kimataifa ya majina ya bakteria yataka mbegu hai ya spishi mpya iwekwe amana katika hazina mbili zilizo katika nchi mbili mbalimbali, ili yeyote mwenye shaka aende akajaribu upya. Mwaka 2022 wengine walianzisha kanuni yao, SeqCode, iruhusuyo jina kusimama juu ya DNA iliyosomwa peke yake. Hoja yao si dhaifu, maana bakteria walio wengi hawajapata kuoteshwa maabarani. Illa DNA iliyookotwa katika mchanganyiko wa viumbe yaweza kuunganishwa vipande vya wenyewe wawili, na hata ikiwa sahihi haiwezi kulishwa wala kupozwa ili ijibu swali ambalo leo hakuna aliyelifikiria. Nionavyo mimi, viumbe hao waandikwe katika daftari lao mbali, na jina kamili lingoje shahidi aliye hai.

Najua barafu haingoji. Ile ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85 baina ya mwaka 1912 na 2007, na vilivyomo huondoka nayo. Ndiyo sababu naziomba serikali zenye milima ya barafu, yetu ikiwamo, zikate vipande vya barafu iliyobaki na kuvihifadhi katika majokofu ya hazina mbili, hima, hata kabla hajapatikana mtaalamu wa kuwatambua waliomo.