Mastaa Wanaishia Kupiga Picha Mlangoni, Ubuyu Wenyewe Uko Ndani ya Jumba

Kila ukifika msimu wa sikukuu, Zenji inajaa mastaa. Boti ya asubuhi inashusha watu wenye miwani myeusi, mabegi ya magurudumu na mpiga picha wao pembeni. Kabla ya saa sita mchana mtandao umeshachafuka: picha Forodhani, picha kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, na ile isiyokosekana, picha mbele ya mlango mkubwa wa mbao wenye nakshi. Supastaa mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, alitupia yake akiwa ndani ya gauni refu la dhahabu, nje ya Makumbusho ya Kasri pale Mizingani, lile jumba jeupe la masultani linaloitwa Beit al-Sahel. Kwenye kapsheni akajiita malkia aliyerudi nyumbani kwake.

Komenti zikagawanyika fasta. Kambi ya kwanza ikamwaga mataji na vimoto. Kambi ya pili ikamshukia kama mwewe: hajui historia, kageuza kumbukumbu za watu kuwa studio, atoke hapo. Vita ikapiganwa siku mbili. Cha kuchekesha ni kwamba kambi zote mbili zilifanana kwa jambo moja: hakuna aliyetaja hata chumba kimoja cha ndani ya jumba lile. Waliomsifia waliishia kwenye gauni, na waliomponda nao waliishia kwenye gauni hilo hilo.

Ukweli usemwe. Picha siyo kosa. Mlango ni mzuri, bahari iko mbele, mwanga wa saa kumi na moja jioni unabamba, nani asipige? Kosa ni safari inayopangwa wiki nzima kuhusu pamba, hoteli na mpiga picha, halafu kwa jumba lenyewe hazitengwi hata dakika kumi. Mtu anavuka bahari, anasimama mlangoni kwa sultani, kisha anageuza mgongo na kurudi kula bata. Hiyo ni hasara, tena kwa mtu anayeishi kwa kutafuta stori.

Maana ubuyu wenyewe uko ndani. Kuna chumba kilichotengwa kwa ajili ya mwanamke mmoja, Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said. Alizaliwa mwaka 1844 kwenye kasri ya Mtoni, nje kidogo ya mji. Enzi hizo mtoto wa kike alifundishwa kusoma Qurani, lakini kuandika hakukuwa kwake. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ukamponza. Baba yao alipofariki mwaka 1856, kaka zake Majid na Barghash wakaingia kwenye mvutano wa kiti, na Salme, binti mdogo wa miaka kama kumi na tano, ndiye akawa mwandishi wa barua za kambi ya Barghash. Njama zikafeli, Barghash akapelekwa uhamishoni, na binti akabaki katikati ya ndugu wasioelewana.

Haikuishia hapo. Akampenda jirani, mfanyabiashara wa Kijerumani aitwaye Heinrich Ruete. Akapata mimba. Mwaka 1866 akatoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza mpaka Aden, akabatizwa, akafunga ndoa na kuanza maisha Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu katika nchi ya baridi ambayo lugha yake ndiyo kwanza alikuwa anaizoea. Aliporudi kuitembelea Zanzibar mwaka 1885, sultani alikuwa Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua zile. Akakataa kumpokea dada yake. Mwaka uliofuata Salme akachapisha kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, na mwaka 1924 akafia Ujerumani. Tamthilia gani ya Kituruki inafika hapo?

Sasa ile ishu ya umalkia. Mastaa wengi wa kike wakifika pale wanajiita malkia, na kwa nje inanoga. Lakini anayeingia ndani na kuuliza maswali atatoka na jibu zito kidogo. Wanawake wengi walioishi katika majumba ya Seyyid Said hawakuwa malkia. Walikuwa masuria, wanawake waliofika pale wakiwa watumwa, na ndio waliomzalia sultani watoto wake. Mama yake Salme mwenyewe, Jilfidan, alikuwa msichana wa Kicherkesi kutoka Kaukasi, aliyetekwa vitani akiwa mtoto mdogo na kuishia mikononi mwa sultani. Nje ya kuta hizo, mashamba ya karafuu yaliyolipa bili zote yalilimwa na watumwa kutoka bara. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Hata Salme, pamoja na machungu yake yote, aliutetea utumwa kwenye kitabu chake.

Hii haina maana kwamba staa avae gunia na kuposti akilia. Ina maana kwamba neno malkia pale mlangoni lina uzito ambao mtu hawezi kuujua akiwa barazani. Huenda bibi wa bibi yake aliyepita kisiwani hakupitia mlango ule wenye nakshi, bali alifikia sokoni. Kujua hilo hakuharibu picha, ila kapsheni lazima itabadilika.

Na kwa wale wanaosema historia inaboa, wapelekwe tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akajitwalia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi awe ametoka. Hakutoka. Meli zikafungua mizinga kutoka baharini, na katika muda usiozidi saa moja kila kitu kikawa kimekwisha. Inatajwa hadi leo kama vita fupi kuliko zote duniani. Fupi, lakini inakadiriwa watu wapatao mia tano waliuawa au kujeruhiwa upande wa kasri. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani na baadaye akaibukia Dar es Salaam. Maana yake, pale mbele ya ukuta wa bahari ambapo mastaa wanaruka juu wapigwe picha wakiwa hewani, ndipo zilipopita zile risasi za mizinga.

Stori inasonga mpaka karibu na leo. Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, alikaa kwenye kiti kwa miezi michache tu. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yakamkimbiza kwa boti ya kifahari ya kifalme. Akaishi Uingereza zaidi ya nusu karne, akaruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, na akafariki Desemba 2024. Jumba likawa mali ya umma, na mwaka 1994 likafunguliwa kama makumbusho. Yaani mtoto wa mkulima wa karafuu leo anaweza kununua tiketi na kupanda ngazi ambazo babu yake asingeruhusiwa hata kuzisogelea. Halafu mtu anafika pale na kuishia barazani!

Wapo watakaowatetea mastaa, na wana hoja. Msanii hayuko kazini kama mwalimu wa historia, mashabiki wanataka picha kali na siyo somo, na kwa haki kabisa picha hizo zimewafungua macho vijana wengi waliodhani makumbusho ni ya wazungu na safari za shule. Bila gauni la dhahabu, wengine wasingejua kama jumba hilo lipo. Sawa. Lakini anayeweza kuwafanya watu laki moja waangalie mlango anaweza pia kuwafanya waingie. Video ya dakika moja kuhusu msichana aliyejifunza kuandika kwa siri kwenye mfupa wa ngamia ingetembea kuliko picha ya kumi na mbili ya mlango ule ule. Na kila anayeingia baada ya kuiona analipa kiingilio, anamlipa muongozaji, na jumba linapata sababu ya kutunzwa.

Hapo kwenye kutunzwa ndipo pasipo na utani. Jirani na kasri hiyo kuna Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Barghash mwaka 1883, la kwanza kuwa na umeme mjini. Lilinusurika mizinga ya 1896. Lakini Desemba 25, 2020, siku ya Krismasi, sehemu kubwa ya jengo ikaporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Ni wangapi walipita pale miaka nenda rudi wakisema wataingia safari ijayo? Nyumba za mawe na chokaa hazimsubiri mtu, na Mji Mkongwe kuwemo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 hakuzuii ukuta kuanguka.

Kwa hiyo anayepanga safari ya Zenji, awe staa au mtu wa kawaida anayejichanga, alipangie jumba siku yake kama anavyopangia chakula cha jioni. Kwanza aulize kabla ya kuvuka kama makumbusho yamefunguliwa, maana majengo ya zamani hufungwa kwa ukarabati, na Ijumaa mchana na mwezi wa Ramadhani ratiba za mjini hubadilika. Abebe kitambulisho na hela taslimu ndogo ndogo, na aulize mapema kuhusu ruhusa ya kupiga picha ndani, hasa akiwa na kamera kubwa. Kutoka bandarini ni mwendo mfupi wa miguu kando ya bahari, hakuna haja ya teksi.

Mavazi ni kitu cha heshima. Mji Mkongwe watu wanaishi, wanaswali, wanalea. Mabega na magoti yafunikwe, na kanga begani haijawahi kuharibu picha ya mtu. Asubuhi iwe ya kuingia ndani, saa mbili nzima bila haraka, na jioni iwe ya picha za nje mwanga ukilainika. Atafute muongoza watalii mwenye kitambulisho na wapatane bei kabla ya kuanza, kwa sababu papasi wa mtaani anaweza kumpa mgeni stori tamu isiyo na ukweli hata chembe. Kisha aulize maswali yale magumu: nani alipika hapa, nani alilala wapi, hela ilitoka wapi? Muongozaji mzuri hufurahi akiulizwa.

Mwenye siku ya pili apande daladala ya Bububu, akaone magofu ya Maruhubi, kasri ya Barghash iliyoungua mwaka 1899, kisha Mtoni alikozaliwa Salme. Inasimuliwa kwamba binti huyo alizikwa Ujerumani pamoja na mchanga wa Zanzibar aliokuwa ameuhifadhi maisha yake yote. Mtu anayeijua stori hiyo akisimama ufukweni Mtoni hatahitaji kufikiria kapsheni. Itakuja yenyewe.

Jioni sasa ndiyo Forodhani, urojo, mishikaki na juisi ya miwa. Bata linaruhusiwa, tena linanoga zaidi kwa mtu aliyeshiba stori.

Swali kwa wadau: kati ya wote waliowahi kuposti mlango ule, ni wangapi waliingia ndani? Na wewe ukienda, chumba cha Salme utakifikia au utaishia barazani? Tiririka hapo chini.