Mkutano wa Kijiji Hauulizi Kadi

Dawa chungu ndiyo iponyayo. Leo tuinywe dawa yetu sisi watu wa upinzani wa Ufipa.

Mwaka 1994, nchi ilipochagua madiwani kwa mara ya kwanza chini ya vyama vingi, CCM ilizoa karibu viti vyote. Wakubwa wakacheka kwamba upinzani ni upepo tu, utapita. Mwaka 2005 Mpanda, wakati huo ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, ikamchagua Said Arfi wa Chadema kuwa mbunge, na 2010 ikamrudisha. Mwaka huo huo CCM ilinusurika chupuchupu Sumbawanga Mjini, na 2012 Mahakama Kuu ikatengua ushindi wa Aeshi Hilaly. Tukadhani kumekucha. Kumbe! Mwaka 2015 Mpanda Mjini ikarudi CCM, na Hilaly akapita tena Sumbawanga.

Mwaka 2020 Wana-Nkasi walilishangaza taifa. Bara yote, majimbo mawili tu yalikwenda upinzani, na moja ni Nkasi Kaskazini, ambako Aida Khenani wa Chadema alimwangusha Ally Keissy wa CCM.

Lakini tujiulize bila kuoneana haya: ushindi ule ulisimama juu ya nini? Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, ila humo ana kura moja. Ushuru wa mahindi, zahanati, madarasa, vyote hupitishwa na walio wengi. Na chini ya diwani yupo mwenyekiti wa kijiji na halmashauri yake, ambao ardhi ya mkulima imo mikononi mwao.

Huko chini ndiko tulikopigwa mweleka. Mwaka 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa visingizio vya fomu. Chadema ikajitoa, na CCM ikatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 99. Novemba 27, 2024 upinzani ukarudi uwanjani, panga la kuengua likarudi pia, na CCM ikajitwalia zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Oktoba 2025 Chadema haikuwemo kabisa kwenye karatasi ya kura. Huo si ushindani. Ni mtu kushindana mbio na kivuli chake, kisha akajivisha medali.

Dhuluma hiyo tunailaani na hatutachoka kuilaani. Lakini kulaani peke yake hakuoti mizizi. Chama ambacho bendera ya tawi lake hupepea mwezi wa kampeni tu, kisha mlango ukafungwa miaka mitano, kinamrahisishia kazi anayetaka kukizika. Tumezoea kumtegemea mgombea mmoja shupavu. Akichoka au akihama, jimbo zima linayumba.

Basi tuanzie pasipo na wa kutuengua. Sheria inasema kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo hauulizi kadi ya chama. Mapato na matumizi yanapaswa kusomwa hapo. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo.

Sasa wewe wa Laela, wa Matai, wa Kirando, mara ya mwisho ulisimama lini ukadai hesabu isomwe? Au uliwaachia wachache wagonge muhuri, kisha ukaja kulia kijiweni kwamba shamba la babu limekwenda?

Mwanachama anayeuliza maswali kila mkutano, kwa adabu na bila woga, atajulikana na jirani zake kabla ya fomu yoyote kutolewa. Fomu wanaweza kuichana. Imani ya kijiji hawataipata pa kuichania.

Masika hayamngoji anayenoa jembe. Tuingie shambani sasa.