Malisho ya Usangu yapumzishwe

Katika soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, mchele wa Mbarali na nyama ya ng'ombe wa bonde la Usangu huingia kwenye kikapu kimoja, ingawa huko vinakotoka mkulima na mfugaji wamegombea ardhi na maji kwa miaka mingi. Mto Ruaha Mkuu, unaopita bondeni humo, ulipoanza kukauka wakati wa kiangazi, mwaka 1993, wengi walimnyooshea kidole ng'ombe. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa bondeni, wengi wakapelekwa Lindi na Pwani, na mwaka 2008 ardhioevu ya Ihefu ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto haukuacha kukauka. Watafiti walikwishaonyesha kabla ya operesheni hiyo kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani kiangazi. Tulifukuza mifugo bila kujiuliza malisho yanaharibikaje, na swali hilo bado linatudai.

Nyasi zikiliwa huchota akiba ya mizizini ili zichipue. Zikiachwa wiki kadhaa, akiba hiyo hurudi. Zikiliwa tena kabla hazijapona, mizizi hufupika, udongo hubaki uchi, na mvua hutiririka juu yake badala ya kuzama. Kwa hiyo kinachoua malisho ni ng'ombe kurudi mapema mno mahali palepale, na humrudisha hapo uhaba wa njia na wa maji. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu wanalijua hili tangu kwao: ngitili ni malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, ngitili za mkoa huo wa Wasukuma zilikuwa zimebaki hekta mia chache tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Nyingi hazikuwa na uzio wa waya. Zililindwa na sheria ndogo za vijiji na mikutano ya wananchi wenyewe, na ndiyo maana siafiki kauli kwamba mfugaji wa asili hawezi kujiwekea mipaka.

Pingamizi zito zaidi kwa wazo la kupumzisha malisho ni la idadi ya mifugo. Mwanaikolojia Allan Savory wa Zimbabwe amedai kuwa kuhamisha mifugo kwa mpango kunaruhusu ng'ombe wengi zaidi, lakini wanasayansi waliopitia majaribio ya nchi mbalimbali hawakuona ushahidi wa kutosha. Nawaunga mkono: mapumziko bila kikomo cha idadi hayaponyi udongo. Ila kikomo hicho hakiwezi kuwa namba moja ya kudumu iliyotoka ofisini, kwa sababu mvua ya Usangu hubadilika kila mwaka. Kipangwe na kijiji baada ya masika, kwa kutazama nyasi zilizopo. Wakulima nao wana hofu ya haki juu ya mashamba yao, na jibu lake ni njia za mifugo zilizopimwa, malambo mbali na mifereji, na makubaliano ya ng'ombe kula mabua baada ya mavuno huku wakiacha samadi shambani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Nyanda za Malisho ya mwaka 2010 tunazo tayari. Halmashauri ya Mbarali na jirani zake wa Iringa wasisubiri operesheni nyingine: wapime malisho ya kila kijiji, wayape hati, na waviachie vijiji mamlaka ya kuyafunga na kuyafungua.