Fiziotherapia katika nchi jirani: Wagonjwa wapo, wanafunzi wapo, ajira ziko wapi?

Mji wa Goma ulipotekwa na wapiganaji wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, hospitali zake, ikiwemo Ndosho inayosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, zilifurika majeruhi wa risasi na mabomu. Habari za siku zile ziliwahusu zaidi madaktari wa upasuaji. Hata hivyo, nyuzi zinapotolewa huanza kazi nyingine iliyo ndefu kuliko upasuaji wenyewe. Aliyekatwa mguu hufundishwa kufunga bandeji ili kigutu kisivimbe, kunyoosha nyonga isije ikakakamaa, kusimama kwa mguu mmoja, na hatimaye kutembea kwa mguu bandia. Anayeisimamia kazi hiyo kwa wiki na miezi ni mtaalamu wa fiziotherapia, fani ambayo nchini Kongo na Burundi, kwa urithi wa lugha ya Kifaransa, huitwa kinesitherapia.

Je, ni nani anayeisomea kazi hii katika ukanda wa Afrika Mashariki, anaisomea wapi, na akishahitimu anakwenda wapi? Ukizitazama nchi jirani moja baada ya nyingine, utaona kwamba tatizo haliko tu katika uchache wa vyuo. Tatizo kubwa zaidi liko katika hatua zinazofuata baada ya cheti.

Hitaji linalokua

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya zinazoweza kunufaika na huduma za utengamao, na kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaozihitaji hawazipati. Mwezi Mei 2023, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama ziziingize huduma hizo katika mifumo yao ya kawaida ya afya.

Katika ukanda huu vita ni sababu mojawapo tu. Shinikizo la damu huzaa kiharusi, ajali za bodaboda huvunja mapaja na kuumiza uti wa mgongo, na watoto wenye mtindio wa ubongo huhitaji mazoezi kwa miaka mingi. Mgonjwa wa kiharusi asiyepata mazoezi mapema hubaki na mkono uliokakamaa, na mara nyingi mtu mwingine wa familia, kwa kawaida mwanamke, huacha shughuli zake ili amhudumie. Ukosefu wa mtaalamu mmoja huipunguzia kaya wachumaji wawili.

Njia tofauti za kuifikia fani moja

Kijana anayemaliza sekondari akiwa na alama nzuri za biolojia, kemia na fizikia huwaza kwanza udaktari, kisha famasia au uuguzi. Fiziotherapia huja baadaye, na wengi huidhania kuwa ni kazi ya kuchua misuli. Kumbe masomo yake huanza na anatomia, fiziolojia na kanuni za mwendo wa mwili, yakafuatiwa na magonjwa ya neva, mifupa, moyo na mapafu, pamoja na mafunzo ya vitendo wodini. Kwa kawaida stashahada huchukua miaka mitatu na shahada ya kwanza miaka minne.

Kila nchi imeijenga njia yake. Nchini Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Udaktari, KMTC, kimekuwa kikitoa stashahada kwa miongo kadhaa, na vyuo vikuu vimeongeza shahada. Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014 iliunda baraza maalumu la fani hiyo na kupiga marufuku kufanya kazi bila usajili. Uganda huwasimamia wataalamu wake chini ya sheria ya mwaka 1996 inayohusu kada shirikishi za afya kwa jumla, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara ni miongoni mwa vinavyotoa shahada.

Rwanda ina historia ya aina yake. Kituo cha Gatagara, kilichoanzishwa mwaka 1960 na Padri Joseph Fraipont, kilikuwa kikiwahudumia watoto wenye ulemavu muda mrefu kabla nchi haijawa na shule ya fani hii katika ngazi ya elimu ya juu. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, taifa lililobaki na majeruhi wengi na wataalamu wachache lilianzisha Taasisi ya Afya ya Kigali mwaka 1996, na fiziotherapia ikawa miongoni mwa kozi zake. Wahadhiri kadhaa wake walisomea shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini. Tangu mwaka 2013 taasisi hiyo imekuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Rwanda.

Mnyororo unapokatika

Kufungua kozi ni hatua inayoonekana. Waziri huizindua na picha hupigwa. Kumsimamia mwanafunzi wodini hakuonekani. Fani hii hujifunzwa kwa mikono: kupima nguvu ya misuli, kuhisi kiungo kinapokwama, kujua wakati wa kusukuma na wakati wa kuacha. Pale ambapo hospitali ya mkoa ina mtaalamu mmoja mwenye wagonjwa wengi, kumwongezea wanafunzi ni kumwongezea mzigo, na wanafunzi huishia kuwa watazamaji.

Hatua ya pili ni ajira. Nchini Kenya, tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, waajiri wakuu ni serikali za kaunti. Kaunti yenye bajeti finyu huajiri kwanza muuguzi na tabibu, kwa kuwa pengo lao huonekana siku hiyohiyo. Pengo la mtaalamu wa fiziotherapia huonekana miezi sita baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani, mbali na macho ya takwimu za hospitali. Basi wahitimu huelekea kwenye kliniki binafsi za miji mikubwa, ambako wenye bima au fedha taslimu ndio wanaohudumiwa. Wengine hutazama ng'ambo.

Cheti kisichovuka mpaka

Mtu angetarajia kwamba aliyehitimu Kigali au Nairobi angeweza kwenda kuziba pengo la Bujumbura au Goma. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa Julai 2010, inazungumzia kutambuana kwa vyeti na sifa za kitaaluma. Lakini fani zilizotangulia kutiliana saini makubaliano hayo ni wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Wataalamu wa fiziotherapia hawakuwemo. Tofauti ya mifumo ya Kiingereza na Kifaransa, pamoja na ile ya stashahada na shahada, hulifanya suala hilo kuwa gumu zaidi.

Hata hivyo, mfano wa kuigwa uko karibu. Mjini Moshi, katika eneo la Hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kimekuwa kikiwafundisha watengenezaji wa viungo bandia tangu mwaka 1981, na hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mafunzo yake yamepimwa kwa viwango vya ISPO, chama cha kimataifa cha fani hiyo, hivyo cheti chake husomeka nje ya Tanzania. Ni jambo la kutafakarisha kwamba anayeutengeneza mguu bandia ana kipimo cha pamoja kinachovuka mipaka, ilhali anayemfundisha mgonjwa kuutembelea hana chake katika Jumuiya.

Kwa kijana anayejaza fomu za chuo mwaka huu, maswali ya maana hayaishii kwenye ada na miaka ya masomo. Inafaa aulize kama baraza la nchi yake linaitambua kozi hiyo, ni hospitali ipi itakayompokea kwa mafunzo ya vitendo na nani atamsimamia, na kama stashahada yake itamruhusu kuendelea na shahada bila kuanza upya. Kwa serikali za ukanda huu, swali ni moja nalo ni la bajeti: kila kozi inayozinduliwa inaambatana na nafasi ngapi za ajira katika hospitali za wilaya? Nchi inayosomesha bila kuajiri huishia kuzisomeshea nchi nyingine, na mgonjwa wa kiharusi kijijini hubaki akisubiri mikono ambayo tayari ilikwisha kufunzwa.