Mizigo ya Watu, kutoka Ujiji hadi kwenye Seva

Oktoba 1871 David Livingstone alirejea Ujiji akiwa mgonjwa na fukara, akakuta shehena aliyotumiwa kutoka Unguja imekwisha kuuzwa na yule yule aliyekabidhiwa kuifikisha. Hakuna mlango uliovunjwa. Tupitapo Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, na kulitazama tembe alimokaa mwaka uliofuata akiwasubiri wapagazi kutoka pwani, twakumbushwa kwamba njia nzima ya Bagamoyo hadi Ujiji iliendeshwa kwa amana: mtu aliiacha mali yake mikononi mwa mwingine, akaenda zake.

Amana ya leo ni majina, namba za simu, namba za NIDA na nywila. Chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, chuo, jumuiya ya wastaafu: kila mmoja anataka tovuti ambayo mwanachama ataingia kwa nywila yake aone salio lake. Fedha haitoshi kukodi seva nzima, basi hukodi nafasi katika seva ya pamoja. Siulaumu uamuzi huo. Ni nyumba ya kupanga, wapangaji wengi na ua mmoja, na wengi wetu tumelelewa humo. Lakini aliyelelewa humo anajua kukifunga chumba chake.

Ninachokilaumu ni namna hifadhidata inavyowekwa. Faili lenye nywila ya hifadhidata huachwa katika folda iliyo wazi kwa umma, au kwa ruhusa zinazomwezesha mpangaji mwingine kulisoma. Akaunti yenye mamlaka ya kufuta majedwali yote hutumika hata kwa kazi ndogo ya kumtambua mtumiaji. Na kibaya kuliko vyote, nywila huandikwa kama zilivyo. Taasisi moja, ambayo sitaitaja, niliiarifu kwamba nimesahau nywila. Ikaniletea kwa barua pepe ile ile niliyoichagua, herufi kwa herufi. Wengine wangeisifu huduma ya haraka. Mimi nilielewa kwamba yeyote anayelifikia jedwali lile anaisoma, na kwa kuwa watu wengi hutumia nywila moja kila mahali, atafungua na barua pepe zao.

Dawa yake si ghali. Nywila hupitishwa katika hesabu isiyorudishika nyuma, kikahifadhiwa kile kinachotoka. Mtu akiingia, alichoandika hupitishwa tena na kulinganishwa. Lugha ya PHP, iliyo katika tovuti nyingi za namna hii, inayo kazi hiyo ndani yake tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013, bila malipo. Anayekosekana ni mtu wa kuuliza.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo ina Tume yake. Inamtaka mkusanyaji akusanye kile tu kinachohitajika kwa lengo lililotajwa, na akilinde. Kwa nini basi fomu ya kusomea bei za tumbaku idai namba ya NIDA? Wala katibu wa chama hawezi kujitetea kwamba “fundi ndiye aliyeweka”: mkulima wa Urambo au Sikonge hakumkabidhi fundi chochote.

Ndugu zangu watumishi wa umma mnaotia saini hati za kupokea kazi, kabla kalamu haijagusa karatasi, mwambieni fundi alifungue jedwali la watumiaji mbele yenu na awaonyeshe safu ya nywila. Mkiweza kuzisoma, msisaini.